Nyumba Isiyo na Kibali

Dominika ya 23 ya Mwaka C
Masomo: Hek. 9:13-18, Flm. 9-10, 12-17, Lk. 14:25-33



Injili ya leo inatupeleka mahali ambapo wengi wetu tumepata kusimama, yaani kwenye kiwanja cha ujenzi. Bwana wetu anatoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Kabla hajachimba msingi, yampasa mtu huyo kuketi kwanza na kupiga hesabu, asije akaishia njiani na kuwa kichekesho kwa wapita njia. Mara nyingi tuusikiapo mfano huu twakimbilia maana yake ya kiroho, nayo ni ya kweli: kumfuata Kristo kuna gharama, na asiyekuwa tayari kuilipa hawezi kuwa mwanafunzi wake. Lakini leo twaomba tubaki kidogo pale pale kiwanjani, penye mchanga, kokoto na saruji. Kwa maana katika parokia zetu za mijini magomvi ya ujenzi yamekuwa miongoni mwa mambo yanayowatenga waamini wanaoshiriki Meza moja. Mwenye nyumba anakaa upande wa kulia wa kanisa, fundi wake upande wa kushoto, na wakati wa kutakiana amani kila mmoja anamwona mwenziwe na kugeuza uso.

Tutumie mfano, maana Bwana mwenyewe alipenda kufundisha kwa mifano. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na nyumba ya chini, yenye vyumba vinne, aliyoijenga katika ujana wake. Alipopata kiinua mgongo chake aliazimia kuongeza ghorofa moja juu, apate vyumba vya kupangisha vya kumtunza uzeeni. Akamwita fundi wa mtaa wa pili, muumini mwenzake. Wakaelewana bei kwa maneno matupu. Habari ya kibali cha ujenzi ilipotajwa, fundi alisema: "Mwalimu, tukianza kufuatilia kibali tutakaa mwaka mzima. Tumwage zege Ijumaa usiku. Ofisi zikifunguliwa Jumatatu kazi imeshakwisha." Mwalimu akauliza ataokoa fedha kiasi gani. Alipotajiwa, akanyamaza, na ukimya wake ukawa ndiyo makubaliano.

Baada ya majuma machache afisa wa halmashauri akapita, akachora alama nyekundu ya X ukutani na kuandika kazi isimame. Siku zile zile nyufa zikaonekana katika kuta za chini, zikishuka mshazari kutoka pembe za madirisha. Na nyuma ya kuta hizo analala mpangaji, mama mwenye watoto watatu. Ndipo ugomvi ulipoanza. Mwalimu alisema: "Sikulipi tena hata senti, maana umefanya kazi isiyo halali, nayo mbovu." Fundi akajibu: "Kibali ni juu ya mwenye nyumba, nawe ulijua tangu mwanzo. Usiponilipa, naja kuchukua mirunda yangu." Na mirunda hiyo ndiyo iliyokuwa bado inalishikilia zege. Vibarua wanane waliobeba zege lile kwa ndoo usiku kucha nao walikuwa hawajapewa ujira wao.

Wapendwa wasikilizaji, mapadre na makatekista huletewa mashauri ya namna hii, na swali linaloulizwa ni lile lile: Nani mwenye haki? Kila mmoja anao ukweli nusu mkononi, naye anautumia kama fimbo ya kumpigia mwenzake. Mwalimu anasema kweli kwamba kazi haikuwa halali. Fundi anasema kweli kwamba mwalimu alijua. Lakini hakuna hata mmoja anayemtaja yule mama na watoto wake. Makubaliano yale yalifanywa na watu wawili, kumbe waliohusika ni wengi. Kabla ya kuuliza nani amlipe nani, ni lazima tuulize kibali ni kitu gani hasa.

Watu wengi hudhani kibali ni karatasi ya serikali ya kukusanyia ada. Tufungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Katika Israeli ya kale nyumba zilikuwa na dari tambarare. Watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika mazao na hata kulala. Kwa hiyo Torati ilimwagiza kila ajengaye nyumba mpya kuizungushia dari yake ukingo, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni, ndugu zangu: Mungu aliyetoa amri za ibada na sadaka ndiye huyo huyo aliyetoa amri ya ukingo wa dari. Hakuona kuwa ni jambo dogo lisilomhusu. Wala hakumwachia mwenye nyumba aseme, nyumba ni yangu, nitajenga nipendavyo. Nyumba ni yako, lakini uhai wa anayeingia humo si wako.

Kibali cha ujenzi ndicho ukingo wa dari wa zama zetu. Maana yake ni kwamba kabla ya tofali la kwanza michoro imesomwa na watu wenye ujuzi. Na pale inapokuwa nyumba ya ghorofa, mhandisi amepiga hesabu ya mzigo. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini haukuandaliwa kubeba sakafu ya pili ya zege, pamoja na kuta zake, watu wake na vyombo vyao. Anayeongeza ghorofa juu yake bila kuupima anautwika mzigo ambao hakuuliza kama utaweza kuubeba. Zege nalo lina sheria zake, wala halimwogopi tajiri wala kumhurumia maskini. Likichanganywa kwa mchanga wa pwani wenye chumvi, nondo huliwa na kutu ndani kwa ndani, pasipo mtu kuona. Lisipomwagiliwa maji siku zake za mwanzo halipati nguvu yake. Na wahandisi kwa desturi huipima nguvu hiyo siku ya 28. Anayeondoa mirunda mapema kwa kuwa ina mwenyewe, au kwa kuwa amekasirika, anamwekea jirani yake mtego.

Haya hatuyasemi ili kutisha watu. Jijini Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha, miongoni mwao watoto. Jijini Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la wapangaji la ghorofa sita lilianguka katika mtaa wa Huruma wakati wa mvua kubwa, na makumi ya watu wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, watu wakiwa katika biashara zao. Waliokufa walizidi 20. Kila mara tulilia, tukazika, tukaombea marehemu. Kisha wengi wetu tukarudi kwenye viwanja vyetu na kuendelea kama kwanza.

Yesu mwenyewe alizungumzia jengo lililoanguka. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anautaja mnara wa Siloamu uliowaua watu 18. Aliwakataza wasikilizaji wake kudhani kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi na sisi tusithubutu kuwahukumu waliokufa, kwa maana wengi wao hawakujua kitu, walikuwa wamelala au wanauza duka. Lakini Bwana hakuishia hapo. Aliwageukia waliobaki hai akawataka watubu. Nasi tuliobaki hai, ambao nyumba zetu bado zimesimama, ndio tunaoambiwa leo.

Sasa turudi kwa mwalimu na fundi. Wafanye nini? Tuseme mambo manne, na kila katekista ayashike, maana atayahitaji.

La kwanza, uhai hutangulia fedha. Jambo la kwanza si deni bali ni yule mama na watoto wake. Wahamishwe siku hiyo hiyo, hata ikibidi mwalimu awapokee sebuleni kwa ndugu yake, na kodi waliyokwisha kulipa irudishwe. Mirunda isiguswe mpaka mhandisi aseme. Kama ni ya kukodi, na gharama ya siku za ziada ilipwe. Wataulizana baadaye nani aliyepaswa kuilipa. Fundi anayetishia kuondoa mirunda ili alipwe anadai haki yake kwa kuweka rehani shingo ya mtoto wa mtu mwingine. Hakuna deni linalompa mtu ruhusa hiyo.

La pili, ujira wa kibarua hausubiri ugomvi wa wakubwa. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza ujira wa mtu wa mshahara kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimtangazia ole mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea jumba na kujiongezea vyumba vya juu huku akimtumikisha jirani yake bure. Tazameni jinsi nabii alivyotaja vyumba vya juu, kana kwamba alipita mitaani kwetu. Wale vibarua wanane hawakuitwa kwenye mazungumzo ya kibali. Walibeba ndoo, wakatoa jasho lao, wakarudi nyumbani alfajiri. Walipwe kwanza: fundi aliyewaita ana wajibu huo, na kama hana kitu, mwalimu amsaidie kuutimiza, kisha wahesabiane. Familia nane zisilale na njaa kwa sababu watu wawili wanashindana nani alijua zaidi.

La tatu, uharamu wa kazi usigeuzwe kuwa kichaka cha kujificha. Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Mwalimu alipookoa fedha za kibali hakuikumbuka sheria. Sasa anadaiwa, sheria imekuwa rafiki yake. Huko si kuipenda sheria bali ni kuitumia kama kufuli ya mfuko. Fundi naye anasema kwamba mwenye nyumba alijua, lakini ajuaye zaidi huwajibika zaidi. Mwalimu alijua kwamba karatasi haipo. Fundi alijua, au alipaswa kujua, kwamba msingi haukupimwa. Mgonjwa anaweza kumwomba mganga dawa isiyomfaa, lakini mganga anayempa hawezi kusema kwamba mgonjwa ndiye aliyeitaka.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoeleza amri ya saba inafundisha kwamba ahadi lazima zitimizwe na mikataba ifuatwe barabara, kwa kadiri ahadi yenyewe ilivyo ya haki; tena inahesabu kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa mambo yanayovunja amri hiyo. Basi anayekataa kulipa kazi aliyoipokea anaiba, na anayepokea malipo kamili kwa kazi mbovu naye anaiba. Wezi wawili hawawi watu wema kwa kuwa wanaibiana. Na dhambi ya wizi haiishii katika maungamo tu, hudai kurudisha. Kwa hiyo wapime kwa haki: vifaa vilivyonunuliwa kweli na kazi iliyofaa, mwalimu avilipe, kazi iliyoharibika, fundi airekebishe au apunguze madai yake, na gharama zinazotokana na kosa walilolifanya pamoja, wazibebe pamoja.

La nne, waende pamoja kwenye mwanga. Ni afadhali waingie wawili katika ofisi ya halmashauri, na mhandisi aliyesajiliwa mbele yao, waseme walilofanya. Huenda wakatozwa faini. Huenda wakaagizwa kuimarisha nguzo, na huenda wakaagizwa kubomoa. Itauma, kiinua mgongo cha miaka mingi ya chaki na ubao si kitu cha kuchezea. Lakini ghorofa lililobomolewa mchana, watu wakiwa nje, ni hasara ya fedha; ghorofa linaloanguka usiku ni hasara isiyolipika milele. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuna nyufa ambazo asiyezishughulikia hapati nafasi hata ya kujenga ukuta.

Mtauliza: Je, wasipelekane mahakamani? Mkristo hakatazwi kudai haki yake mahakamani. Lakini wakumbuke kwamba sheria ya mikataba ya nchi yetu haiyapi nguvu makubaliano ambayo lengo lake si halali. Hivyo yaweza kutokea kwamba wote wawili wakarudi mikono mitupu, wakiwa wamemaliza fedha kwa nauli na mawakili. Bwana ametufundisha njia iliyo karibu zaidi. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, anatuasa tupatane upesi na mshitaki wetu tungali njiani pamoja naye. Na katika sura ya 18 anatupa hatua zake: kwanza wawili peke yao, kisha pamoja na mashahidi, kisha mbele ya Kanisa. Basi jumuiya ndogo ndogo iwasaidie. Na katika mashahidi hao awepo mmoja anayejua ujenzi kwa kweli, maana huruma isiyojua uzito wa zege haiwezi kuamua shauri la zege.

Somo la pili la leo linatuonyesha mpatanishi alivyo. Mtume Paulo anamwandikia Filemoni kwa ajili ya Onesimo, mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake. Paulo hakumtaka Filemoni ajifanye kwamba hakuna lililotokea. Mkisoma mbele kidogo ya sehemu tuliyosikia, mtaona anamwambia kwamba kama Onesimo amemkosea au anadaiwa kitu, deni hilo lihesabiwe juu yake Paulo. Akaahidi kulipa, na ahadi hiyo akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mpatanishi wa kweli haji na maneno mazuri tu, bali huwa tayari kupungukiwa na kitu. Jumuiya inayomhubiria mwalimu asamehe, lakini haimpatii mpangaji wake pa kulala hata usiku mmoja, haijafika bado mahali alipofika Paulo. Pili, hata mitume waliandika madeni yao. Wapo waamini wanaoona haya kuandikiana mkataba, wakisema sisi ni ndugu katika Kristo, maandishi ya nini? Ni kwa kuwa ninyi ni ndugu ndipo yafaa kuandika, ili udugu usije ukaliwa na usahaulifu. Andikeni bei, kazi yenyewe, vifaa, tarehe za malipo, nani atafuatilia kibali na nani atalipa vibarua; kisha mashahidi watie sahihi.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye hesabu ya mnara. Anayeketi kupiga hesabu asihesabu tofali na bati peke yake. Aweke mchoraji, mhandisi, ada ya kibali, na mkandarasi anayetambulika. Tanzania inayo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, ili mwananchi apate kujua anamkabidhi nani nyumba yake. Kama baada ya kuhesabu hayo yote fedha haitoshi kwa ghorofa, basi ukweli ni kwamba fedha haitoshi kwa ghorofa. Kuondoa mhandisi katika hesabu hakuongezi fedha. Kunamhamishia gharama mtu atakayelala chini ya zege.

Tunajua kilio cha wengi, kwamba vibali huchelewa, faili hupotea, na mwombaji huzungushwa mpaka atoe kitu kidogo. Kilio hicho si cha uongo, nasi tunawaambia waamini wetu walioko katika ofisi hizo: kila faili mnayoiweka chini ya nyingine ili mpewe chai mnawasukuma watu kujenga usiku. Mna sehemu yenu katika nyufa zile. Lakini uovu wa afisa haumtakasi mwenye nyumba. Na anayetoa rushwa apate kibali bila michoro kukaguliwa hajajenga ukingo wowote. Amenunua picha ya ukingo.

Neno hili latuhusu pia tulio na dhamana ya majengo ya Kanisa. Kamati za ujenzi za parokia na vigango zisidhani kwamba kwa kuwa nyumba ni ya Mungu basi haihitaji mhandisi. Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wanaokaa chini ya dari ya ukumbi wetu wana haki ile ile ya ukingo. Tena fundi wa parokia na vibarua wake walipwe kwa wakati, wala wasiambiwe kwamba wanajiwekea hazina mbinguni.

Wapendwa wasikilizaji, Bwana tunayemfuata aliitwa fundi seremala na watu wa kijiji chake. Aliishi katika nyumba ya fundi, aliijua mikono iliyochanika na bei inayobishaniwa mlangoni. Hawadharau mafundi, wala hawachukii wenye nyumba. Lakini anawaambia wote wawili kwamba kuwa mwanafunzi wake kuna gharama, na kwa mwalimu na fundi gharama hiyo ina sura inayoonekana: mmoja aache vyumba alivyoviota, mwingine aache sehemu ya fedha anayodai, na wote wawili waache majivuno yao mlangoni mwa halmashauri. Huo ndio msalaba waliowekewa juma hili. Wakiubeba pamoja, Dominika ijayo wataweza kupeana mkono wa amani bila kugeuza uso.

Yeyote anayenisikia, ambaye nyumbani kwake kuna ufa anaoufahamu na mpangaji asiyeufahamu, asingoje Jumatatu.

Mwenyezi Mungu, aliye mwamba na kimbilio letu, azilinde nyumba zenu na wote walalao ndani yake. Awape wenye nyumba uaminifu, mafundi unyofu, na vibarua haki yao: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.